Mario wa Rangi ya Jivu: Safari ya Gemu za Zamani hadi Skrini Mpya, Meru na Embu

Bwawa la Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968. Kamburu likafuata mwaka wa 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988, yote kwenye Mto Tana, pale unapopakana na nchi ya Wambeere ambayo leo ni sehemu ya Kaunti ya Embu. Kwa miaka mingi maji hayo ndiyo yaliyowasha taa za Nairobi. Nyaya nene zilipita juu ya mashamba ya mtama na pojo, juu ya nyumba ambazo watoto wake walisomea koroboi, zikaenda zao mjini. Nimeanza na mabwawa kwa sababu historia ya gemu za runinga huku kwetu, kuanzia Siakago hadi Maua, haiwezi kusimuliwa bila stima. Kule kuchelewa kwa stima ndiko kulikoamua tutazame runinga ya aina gani na gemu zetu zichomekwe wapi, na ndiko kunakofanya kuzirudisha gemu zile kwenye skrini za leo kuwa kazi ya fundi.

Matangazo ya runinga yalianza nchini mwaka wa 1962. Kwa mkulima wa Nkubu au Runyenjes hayo yalikuwa mambo ya watu wa Nairobi. Kilicholeta runinga mlimani ni kahawa. Meru na Embu ni miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katikati ya miaka ya 1930, wakati walowezi walikuwa bado wanaing'ang'ania kuwa zao lao. Miaka arobaini baadaye, Julai 1975, jalidi iliteketeza mibuni ya Brazil, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Malipo ya 1976 na 1977 yalizipa nyumba mabati mapya, yakalipa karo, yakanunua redio, na katika nyumba chache yakanunua runinga. Likabaki swali moja tu: ichomekwe wapi?

Jibu lilikuwa betri ya gari. Runinga ndogo ya inchi 14, isiyo na rangi, iliweza kutumia volti 12, na haikuvuta nguvu nyingi. Betri ilibebwa kwa baiskeli au kwa matatu hadi sokoni, ikaachwa kwa mwenye chaja, ikafuatwa kesho yake. Runinga za Great Wall kutoka Uchina zilienea hivi, hata ikawa kila runinga ya betri, iwe ya kampuni gani, inaitwa Great Wall.

Kisha likaja jua. Mwaka wa 1984, katika Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, wakati huo ikiwa katika Wilaya ya Meru, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, Mark Hankins, alishirikiana na mhandisi Harold Burris kuweka taa za sola pale ambapo shule ingenunua jenereta ya dizeli. Burris alikuwa akifunga mitambo ya sola huku mlimani kupitia kampuni yake ya Solar Shamba. Mafundi wa stima wa hapa walifunzwa kazi hiyo, na wateja wao wakawa walimu na wakulima wa kahawa na chai waliochoka kubeba betri. Kenya ikaja kuwa na mojawapo ya masoko makubwa ya sola za nyumbani barani Afrika, soko lililosukumwa na mifuko ya wanunuzi wenyewe. Mtafiti Arne Jacobson, katika kazi aliyoichapisha mwaka wa 2007, alionyesha jinsi runinga ilivyokuwa miongoni mwa sababu kubwa za watu wa vijijini kununua paneli. Mtu akisikia habari ya sola hufikiria taa na daftari la mtoto. Sebuleni mambo yalikuwa mapana zaidi: paneli ilijaza betri, betri ikawasha Great Wall, na mbele ya Great Wall walikaa watoto wa boma zima na wa boma jirani.

Hapo ndipo gemu ilipopata mahali pa kutua.

Kampuni ya Nintendo ilikuwa imetoa mashine yake ya Famicom nchini Japani tarehe 15 Julai 1983, kazi ya kikundi kilichoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura. Ilichora picha yenye nukta 256 kwa upana na mistari 240 kwa urefu. Huku kwetu haikufika kwa jina lake. Kiwanda cha UMC cha Taiwan kilitengeneza chipu zilizoiga zile za Famicom, na viwanda vya Taiwan na baadaye vya Uchina vikazitia katika visanduku vya kila umbo. Serikali ya Kenya ilipolegeza masharti ya kuagiza bidhaa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vile visanduku vikaingia Nairobi, na kutoka maduka ya Luthuli Avenue vikapanda barabara ya Embu, vikavuka Thuci, Nithi na Mutonga hadi Meru. Kulikuwa na vilivyoandikwa Terminator, na vilivyoandikwa Ending-Man. Kaseti iliyokuja navyo ilidai kuwa na gemu 9999. Ukizipitia unakuta Contra, Super Mario Bros., Duck Hunt na gemu ya vifaru, kisha zinaanza kujirudia kwa majina mengine.

Kisanduku kilitoa waya mmoja mweusi. Waya huo ulichomekwa pale pa eria, na ndani ya kisanduku kulikuwa na kidude kidogo kinachorusha picha kwa masafa ya runinga, kama kituo kidogo cha matangazo kinachosikika ndani ya waya tu. Ulizungusha kitufe cha Great Wall polepole, chenga zikapita, ikapita sauti ya KBC, ambayo kabla ya 1989 iliitwa VoK, mpaka chenga zikatulia na Mario akasimama. Alikuwa Mario wa rangi ya jivu. Kofia yake nyekundu tuliijua kutoka kwenye boksi. Adapta ya kisanduku ilikuwa ya volti tisa, lakini ndani kulikuwa na kipande cha kushusha nguvu hadi volti tano, kwa hiyo mafundi wa redio waligundua upesi kwamba unaweza kukiunga moja kwa moja na betri ya gari ya volti 12. Kilipata moto, lakini kilicheza. Na betri ilipoanza kuisha, picha ilijikunja kutoka kingoni kuelekea katikati. Tulikokulia, upande wa Manyatta, kila mtoto aliijua dalili hiyo, na hakuna aliyekubali kutoa padi mkononi saa hiyo.

Nataka msomaji akae kidogo na ile runinga ya kichogo, ile nene yenye mgongo, kwa sababu ndiyo kiini cha habari hii. Kenya ilifuata mfumo wa PAL, wenye mistari 625. Runinga haikuchora mistari yote kwa mara moja. Mshale wa elektroni ulichora kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, nusu-picha 50 kila sekunde, na jicho likaziunganisha. Waundaji wa gemu hawakuhitaji mistari mingi hivyo. Walibuni hila: mashine ilipeleka nusu-picha ya aina moja kila mara, mistari ikaangukia mahali pale pale, na kati ya mstari na mstari pakabaki ufa mwembamba wa giza. Runinga ya kichogo haikulalamika. Haikuwa na ubongo wa kuuliza picha hii ni ya aina gani. Ilifuata ishara jinsi ilivyokuja, na ikaionyesha papo hapo.

Wachoraji wa gemu walifanya kazi wakiutegemea ukungu na nyufa hizo. Katika Sonic the Hedgehog ya Sega, iliyotoka mwaka wa 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa milia ya wima iliyotengana. Ndani ya waya wa picha milia hiyo ilivujiana, na runinga ikaonyesha maji unayoweza kuona nyuma yake. Ukiitazama picha ile ile kwa usafi kamili kwenye skrini ya leo, unaona milia tu. Runinga ilikuwa ikimalizia mchoro. Anayesema gemu za zamani zilikuwa mbaya kwa macho mara nyingi amezitazama kwenye chombo ambacho hazikuchorewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka iliyofuata, stima ya waya ilianza kufika sokoni, kisha kwenye shule na viwanda vya kahawa, na baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Usambazaji Umeme Vijijini chini ya sheria ya kawi ya 2006, ikaenda kwa kasi zaidi. Pamoja nayo zikaja runinga za rangi zenye matundu matatu mbele: la manjano la picha, jekundu na jeupe ya sauti. Na zikaja PlayStation. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, ikaendelea kutengenezwa hadi mwisho wa 2012, na ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Huku ilizaa kazi. Kibanda cha mabati, runinga mbili au tatu za inchi 21, benchi, na bango la mchezaji wa Arsenal au Manchester United: hiyo ilikuwa biashara kamili, kuanzia Makutano mjini Meru hadi Majimbo mjini Embu, na katika kila soko lililo kando ya barabara kati yao. Ulilipa kwa mechi. Mwenye kibanda alijua kuilegeza lenzi ya PS2 iliyochoka, kusafisha padi kwa spiriti, na kuunga waya wa AV uliokatika ndani bila kuonekana nje. FIFA 14, iliyotoka mwaka wa 2013, ndiyo FIFA ya mwisho kutengenezewa PS2, lakini vibandani gemu za miaka ya nyuma ziliendelea muda mrefu baada ya hapo.

Mwaka wa 2015 ndio uliovunja mambo. Tarehe 13 Februari Mahakama ya Juu iliamua kesi ya uhamiaji wa dijitali kwa faida ya serikali, mitambo ya analogi ikaanza kuzimwa, na NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Kufikia mwisho wa Machi analogi ilikuwa imezimwa nchi nzima. Great Wall zote za Tharaka na Mbeere, na runinga zote za rangi za Chuka na Chogoria, zilibaki na chenga tupu mpaka mwenyewe anunue king'amuzi. Kazi ya king'amuzi ilikuwa nini hasa? Kupokea ishara mpya na kuishusha hadi kiwango ambacho runinga kuukuu inaweza kukipokea. Serikali, wafanyabiashara na magazeti walilizungumzia jambo hilo miaka mingi kabla. Kila mtu alijua kwamba ishara mpya na runinga ya zamani zinahitaji mpatanishi.

Upande wa pili haukuzungumzwa. King'amuzi kilichukua tundu pekee la AV, na gemu ikachomolewa. Mwaka uliofuata M-KOPA walianza kuuza runinga bapa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo kwa simu, na madukani runinga za kichogo zilikwisha kabisa. Familia iliyonunua runinga bapa ilipotoa PS2 au Terminator chini ya kitanda, ikakuta nyuma ya runinga kuna matundu ya HDMI, kiungo kilichobuniwa mwaka wa 2002, na pengine tundu moja dogo la duara kama la spika za masikioni. Ishara kuukuu na runinga mpya zilihitaji mpatanishi vilevile. Huyo hakuna aliyemtangaza, na gemu nyingi nzima ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kwa sababu ya tundu.

Dawa ya kwanza iliyofika madukani ilikuwa kile kisanduku kidogo cheupe au cheusi kinachogeuza AV kuwa HDMI. Ni rahisi, na kwa king'amuzi au deki ya DVD kinatosha. Kwa gemu kinaharibu. Kinapopokea zile nusu-picha za mistari 240 hudhani ni witiri na shufwa zinazopishana, huzisuka pamoja, na kila kitu kinachotembea kinaota meno kingoni. Huivuta picha ya upana wa 4 kwa 3 hadi 16 kwa 9, Mario akawa mfupi na mnene. Ishara yetu ni ya nusu-picha 50 kwa sekunde; chenyewe hutoa 60, kwa hiyo mandhari inaposogea kando inarukaruka. Baya kuliko yote, hukaa na picha kabla ya kuitoa, na runinga bapa nayo hukaa nayo tena ikiirembesha. Mchezaji wa Contra anabonyeza kuruka, na risasi imeshampata. Vijana wengi wa miaka ishirini waliojaribu gemu za kaka zao kwa njia hii waliamua kwamba gemu hizo ni mbovu. Hukumu hiyo walistahili kuitoa kwa kile kisanduku.

Chombo kinachofanya kazi hii ya upatanishi inavyostahili ni apskela (upscaler), na historia yake inaanzia mbali na gemu. Yves Faroudja, mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi Marekani na kuanzisha maabara yake mwaka wa 1971, alijenga mitambo ya kuongeza mistari ya picha kwa ajili ya matajiri waliotaka kutazama filamu kwenye projekta kubwa. Mashine zake ziliisoma ishara, zikaamua ni ya aina gani, kisha zikaijaza. Wapenzi wa gemu walikuja kuhitaji jambo hilo hilo walipoanza kununua runinga bapa. Kampuni ya Micomsoft ya Japani ilitoa XRGB-mini, maarufu kama Framemeister, mwaka wa 2011. Markus Hiienkari wa Finland akabuni OSSC, mashine ambayo mchoro wake ni wa wazi kwa yeyote, na ambayo haihifadhi picha nzima hata kidogo: inapokea mstari mmoja, inaurudia mara mbili hadi tano, inautoa. Ucheleweshaji wake hauhisiki. Nchini Marekani Mike Chi alianza kutengeneza RetroTINK. Ile ya 5X Pro ilitoka 2021 na ya 4K mwishoni mwa 2023. Hii ya mwisho inaweza kuiga hata nyufa za giza na vidoa vya rangi vya kioo cha kichogo kwenye skrini yenye mistari 2160, yaani kila mstari wa gemu unapata mistari tisa ya kuchorewa. Ilianza kuuzwa kwa dola 750. Kwa pesa zetu za wakati huo ni zaidi ya shilingi laki moja, kabla ya ushuru na nauli. Sioni sababu ya kumshauri mtu wa Kianjai au Ishiara ainunue.

Iko njia iliyo karibu na mikono yetu. Viwanda vya Uchina vilitengeneza bodi ndogo iitwayo GBS-8200 ili mashine kubwa za gemu za kuingiza sarafu ziweze kutumia skrini bapa pale kioo cha zamani kinapokufa. Programu iliyokuja nayo ilikuwa duni. Wajuzi waligundua kwamba chipu iliyomo ina uwezo mkubwa kuliko programu yake, wakaandika nyingine, GBS-Control, wakaigawa bure. Unaiunga bodi na kipande cha ESP8266, kile kile ambacho wanafunzi wa vyuo vyetu hutumia katika miradi yao ya vihisi, na unaiamuru kwa simu. Ikishafanyiwa hivyo inaitambua ishara ya mistari 240 jinsi ilivyo na haikai na picha muda mrefu. Inatoa picha kwa tundu la VGA. Kwetu hilo ni neema, maana monita za VGA zimejaa katika maduka ya kompyuta kuukuu tangu cyber café nyingi zifungwe na shule zibadilishe maabara zao.

PS2 inaingia kwenye bodi hiyo vizuri, mradi uache ule waya wa manjano na ununue wa vichwa vitano: cha kijani, cha buluu na chekundu vya picha, chekundu na cheupe vya sauti. Kisha ingia kwenye menyu ya PS2 yenyewe na uchague aina hiyo ya waya. Tofauti unaiona hapo hapo kwenye nyasi za uwanja. Terminator ni ngumu zaidi, na hapa naomba mafundi wanisikilize. Chipu ya picha ya Famicom na nakala zake huchanganya rangi ndani kwa ndani na kutoa ishara moja iliyokwisha kuchanganywa. Hakuna kijani, buluu na nyekundu za kuvuta kutoka kwenye ubao wake. Bodi ya GBS na OSSC havipokei ishara hiyo, kwa hiyo unahitaji kifaa cha kuichambua kwanza, au apskela inayopokea waya wa manjano moja kwa moja, kama RetroTINK za bei ya chini. Kama kisanduku chako kina waya mweusi tu, fundi anaweza kukifungua, kuitafuta picha kabla haijafika kwenye kile kidude cha kurusha, na kuitoa kupitia transista moja hadi tundu jipya la manjano. Ni kazi ya lehemu ya mchana mmoja kwa mtu aliyezoea redio.

Kabla ya hayo yote, jaribu kilichopo. Runinga nyingi bapa zinazouzwa nchini bado zina kipokezi cha analogi, kinachoitwa ATV katika menyu, na Terminator yenye waya mweusi bado inaweza kutafutwa humo kama zamani. Lile tundu dogo la duara nalo hupokea waya wa rangi tatu, ila mpangilio wa vichwa hutofautiana: ukipata mlio na chenga mahali pa picha, badilishanisha kichwa cha manjano na chekundu kabla ya kuilaumu gemu. Weka picha kwenye 4:3. Washa hali ya gemu ya runinga, ile inayozima urembo wote wa picha. Mambo haya hayagharimu chochote, na mara kadhaa nimeona yakitosha.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna apskela inayoweza kukirudisha, nacho ni bunduki ya kupiga bata. Ulipovuta kifyatulio, skrini ilikuwa nyeusi kwa picha moja, kisha mahali pa bata pakawa na mraba mweupe, na jicho lililo ndani ya mtutu likangoja kuona mwanga huo kwa wakati wake halisi. Runinga ya kichogo ilitoa mwanga saa ile ile. Runinga bapa inachelewa, na mwanga wake haupigwi mstari kwa mstari kwa kasi ambayo bunduki ile iliundwa kuisikia. Kwa hiyo bata wote wanaruka salama. Duck Hunt, gemu iliyowakusanya hata wazee sebuleni kwa sababu haikuhitaji kufunzwa padi, inaishi kwenye kichogo peke yake.

Na vichogo vinakwisha. Kila wiki masokoni vinavunjwa kwa ajili ya shaba iliyozunguka shingo ya kioo, na kinachobaki kinatupwa mtaroni au nyuma ya soko. Kioo cha runinga hizo kina risasi nyingi, iliyowekwa humo kuzuia mionzi. Kukivunja kwa nyundo karibu na maji tunayonywa, katika kaunti ambazo mito yake inatoka mlimani na kushuka hadi kwenye mabwawa yale yale ya Tana, ni kujidhuru. Kituo cha WEEE cha Nairobi kimekuwa kikipokea taka za umeme tangu 2012, na Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka ya 2022 imezipa kaunti jukumu la wazi. Meru na Embu zinapaswa kuwa na mahali pa kupokelea vioo hivi, pajulikane, na mafundi walipwe kuvipeleka.

Lakini vile vinavyowaka bado visiende huko. Ninawaomba walimu wa umeme katika Meru National Polytechnic na vyuo vya ufundi vya Embu wavitafute: mwanafunzi atakayeweza kuiunga Terminator ya 1995 na skrini ya leo, bila picha kuchelewa, atakuwa amejifunza ishara, masafa, kumbukumbu na programu kwa mkono wake mwenyewe. Ninayaomba Makavazi ya Meru yaweke Great Wall moja, betri, kisanduku na bunduki yake, vikiwa vinafanya kazi, na watoto waruhusiwe kuvishika. Nawe uliye na kisanduku juu ya dari au chini ya kitanda, usikiuze kwa kilo. Kipeleke kwa fundi, mwonyeshe makala haya, na umwambie aanze na ule waya mweusi.